Mgeni wa Siku ya Tatu: Msomaji wa Sigino na Vitabu Vyake Vitatu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usemi huu aghalabu hufasiriwa kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu, lakini una upande wa pili usiosemwa sana: kumpa mgeni jembe ni kumkubali. Anayelima pamoja nasi si mgeni tena. Anaijua mipaka ya shamba, na akila, anakula jasho lake. Nataka kuutumia usemi huu kuvipima vitu vitatu ambavyo karibu kila aliyepita skuli amevishika mkononi: kitabu cha darasa, hadithi fupi na kamusi. Swali ni jepesi kuuliza na zito kujibu. Msomaji anathamini nini katika vitabu hivi? Jawabu langu ni kwamba anathamini kile kinachomtoa katika ugeni. Kitabu cha darasa humkaribisha, hadithi humkalisha barazani, na kamusi ndilo jembe. Historia yetu ya vitabu, kwa bahati mbaya, ni historia ya mgeni aliyekaribishwa kwa heshima zote na kucheleweshewa jembe lake.

Msomaji ninayemkusudia hakai Mji Mkongwe wala Chake Chake. Anakaa Sigino, kata mojawapo ya mji wa Babati, katika mkoa wa Manyara uliozaliwa mwaka 2002 kwa kuugawa mkoa wa Arusha. Nimemchagua kwa makusudi. Sisi wa visiwani tumezoea kukizungumza Kiswahili kana kwamba kila anayekisoma alikinyonya kwa mama yake. Babati haiko hivyo. Huko kuna Wagorowa na Wairaqw, ambao lugha zao ni za jamii ya Kikushi. Kuna Wabarabaig, ambao Kidatoga chao ni cha Kiniloti. Kuna Warangi na Wambugwe, ambao ni Wabantu kama Waswahili. Ukisogea mbali kidogo utawakuta Wasandawe na Wahadza, wenye lugha za vidoko. Kwa mgawanyo wa lugha za Afrika uliotolewa na Joseph Greenberg mwaka 1963, matawi yote manne makuu yanakutana katika pembe hiyo moja ya Tanzania, jambo lisilopatikana kwa wepesi mahali pengine. Kwa wazee wengi wa huko, Kiswahili ni lugha iliyokuja kwa njia ya misafara, ofisi, kanisa, msikiti na, zaidi ya yote, kitabu.

Ili kumwelewa msomaji huyo, yatubidi kwanza turejee Unguja, kwa kuwa vitabu vyake vilianzia hapa. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Mwaka 1870 vilitoka vitabu vyake viwili. Kimoja kilikuwa kitabu cha kujifunzia lugha, chenye sarufi na orodha ndefu za maneno. Cha pili kilikuwa mkusanyo wa hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, ukurasa mmoja Kiswahili na wa pili Kiingereza. Tazama basi: kitabu cha darasa, hadithi na mbegu ya kamusi vilitoka katika mkono mmoja na katika mwaka mmoja. Ni ndugu wa tumbo moja. Na msomaji wao alikuwa mmoja vilevile, naye ni mmisionari, mtawala au mfanyabiashara aliyetoka Ulaya. Mwenyeji alikuwa msimulizi. Msomaji hakuwa yeye.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa makamusi yaliyofuata. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya maneno kwa miaka mingi, na kamusi lake likachapishwa London mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. A. C. Madan akatoa la Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894 na la Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Kazi hizi ni kubwa, na mimi ninayejipatia riziki kwa kutafsiri sithubutu kuzidharau. Yamo maneno ambayo yasingalinusurika kama si kalamu za wazee hao. Lakini Mswahili aliyetaka kujua maana ya neno la lugha yake ilimlazimu kwanza ajue Kiingereza. Alikuwa mwenyeji anayeingia nyumbani kwake kwa kupitia mlango wa jirani.

Neno lenyewe kamusi linatukumbusha fikra nyingine ya kitabu hiki. Limetoka katika Kiarabu, nalo kwa asili lina maana ya bahari kuu. Liligeuka jina la vitabu vya maneno baada ya al-Fayruzabadi, aliyeishi katika karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 15, kukiita kitabu chake kwa jina hilo. Bahari ni ya kila avuaye. Hata ngeli ya neno hili imetugawa: wenzetu wa bara husema kamusi hii, nasi wengi wa visiwani husema kamusi hili. Sioni haja ya kugombana. Natumia la kwetu, na msomaji wa Sigino atanielewa.

Kiswahili kiliingia bara kabla ya vitabu, kwa miguu ya wapagazi na wafanyabiashara. Baadaye Wajerumani, walioitawala Tanganyika hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, walikifanya kuwa lugha ya utawala na ya madarasa yao. Ushahidi uko katika neno moja. Sisi tunasema skuli, neno la Waingereza. Babati husema shule, neno la Wajerumani. Watoto wawili wa nchi moja wanakwenda kusoma asubuhi moja, na kila mmoja anakwenda kwa jina lililoachwa na mtawala wake. Waingereza walipoishika Tanganyika, Idara ya Elimu ilianzisha gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, lililochapisha khabari, mashairi, hadithi na barua za wasomaji. Hapo kwa mara ya kwanza msomaji wa bara alipata mahali pa kujibu. Sidhani kwamba watu walilipenda gazeti lile kwa mafunzo yake peke yake. Walilipenda kwa kuwa jina la mtu wa mbali liliweza kutokea humo, chini ya shairi au barua yake mwenyewe.

Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Unguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Katika miaka yake ya mwanzo wajumbe wake walikuwa Wazungu. Kamati hii ndiyo iliyokagua vitabu vya skuli na kuvipa idhini. Chini ya uongozi wa Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza, kazi ya makamusi iliendelea: mwaka 1935 kikatoka kitabu kidogo kilichofasiri maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili, na mwaka 1939 yakatoka makamusi makubwa ya Kiswahili na Kiingereza, yaliyojengwa juu ya msingi wa Madan. Kile kidogo cha mwaka 1935 ndicho kilichomjali mwenyeji. Makubwa ya mwaka 1939 ndiyo yaliyotawala rafu za maktaba kwa miongo minne.

Usanifishaji ulikuwa na faida isiyokanika: kitabu kimoja kiliweza kusomwa Unguja, Babati na Kisumu. Lakini ulikuwa na gharama, na gharama yake moja inaunganisha Unguja na Sigino kwa namna ya ajabu. Waliokiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa na herufi ya ain na waliitofautisha hee nzito na hee nyepesi. Tahajia ya Kilatini ilizifuta tofauti hizo. Hakimu na hewa zikaanza kwa herufi moja, na ain ya asali ikapotea. Sasa sikiliza: Kigorowa na Kiiraqw vina sauti hizo zote mbili za kooni. Wairaqw huandika hee nzito kwa herufi mbili za h, na sauti ya ain huiandika kwa alama ya mkwaju. Bibi wa Sigino, ambaye huenda hajapata kuiona bahari, anaitamka ain sawasawa na mwalimu wa chuo cha Kurani wa Unguja. Mjukuu wake alipofungua kitabu cha darasa alifundishwa Kiswahili ambacho sauti hizo zilikuwa zimekwisha kuondolewa. Mgeni na mwenyeji walikuwa na kitu kimoja cha kushirikiana, na kitabu kikakificha kwao wote wawili.

Kitabu cha darasa kilipata enzi yake baada ya uhuru. Mwaka 1967, pamoja na siasa ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilithibitishwa kuwa lugha ya kufundishia katika skuli za msingi za Tanzania Bara. Mwaka huo, kiasi cha watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 ikaanza kampeni ya kuufuta ujinga huo. Vitabu vya kisomo havikuanza na sarufi. Vilianza na kazi. Kulikuwa na kitabu cha pamba, cha mahindi, cha migomba, cha uvuvi, cha ng'ombe, cha mapishi na malezi, ili kila mkoa ujifunze kusoma kupitia jasho lake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, takriban watu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu kilichoandaliwa kwa ajili hiyo, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulionesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki 39 katika kila 100. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali ziliwahesabu kuwa chini ya 10.

Takwimu hizo zimejadiliwa sana, na si nia yangu kuurudia mjadala huo. Ninaloliona ni hili: kitabu kilithaminiwa pale kilipomzungumza msomaji mwenyewe. Mfugaji wa Babati aliyesoma juu ya kupe hakuwa akijifunza herufi tu. Alikuwa akikihukumu kitabu. Kama kitabu kilisema uongo juu ya ng'ombe, aliujua uongo huo kabla ya mwalimu wake. Hapo mizani iligeuka, na msomaji akawa hakimu. Thamani ya kitabu cha darasa haitokani na kujua mambo mengi kuliko msomaji. Inatokana na kuingia katika yale anayoyajua, kikayapa maandishi.

Kwa watoto, enzi ile ilikuwa ya vitabu vya Tujifunze Lugha Yetu. Muulize Mtanzania wa bara aliyesoma miaka ya 1970 au 1980 amebaki na nini katika vitabu hivyo. Ngeli na viambishi hatavitaja. Atakutajia Juma na Roza, atakutajia sungura wa Sizitaki Mbichi Hizi, atakutajia Kibanga aliyempiga mkoloni. Katika miaka ambayo karatasi ilikuwa adimu na kitabu kimoja kiligombewa na watoto kadhaa, kilichohifadhiwa kilihifadhiwa kichwani, na kilichoingia kichwani kilikuwa hadithi. Waandishi wa mitaala walikusudia kufundisha lugha kwa kutumia hadithi. Wasomaji wakaishika hadithi na kuiachia lugha ijifundishe yenyewe. Na Kibanga anapendwa kwa nini? Kwa sababu ni mwanakijiji anayekataa kudhalilishwa, na mtoto wa kijijini hakuhitaji kamusi kumwelewa.

Hapa ndipo hadithi fupi inapopata cheo chake. Riwaya inadai starehe, na starehe inadai taa na wakati. Hadithi fupi inasomwa hadi mwisho kabla ya mafuta kwisha, na inaweza kusomwa kwa sauti kwa ajili ya mama asiyejua kusoma. Visiwa vyetu vina haki ya kujivunia katika uwanja huu. Mohamed Suleiman Mohamed alitoa mkusanyo wake wa Kicheko cha Ushindi mwaka 1978. Said Ahmed Mohamed akaja na Si Shetani si Wazimu mwaka 1985, kisha akashirikiana na Ken Walibora wa Kenya kuhariri Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine mwaka 2007. Hadithi yake ndiyo iliyoupa jina mkusanyo wa Tumbo Lisiloshiba wa mwaka 2016. Mikusanyo hii miwili ya mwisho ilitahiniwa katika skuli za sekondari za Kenya, ikasomwa na vijana wengi kuliko mwandishi wa Unguja au Pemba alivyoweza kuota miaka 50 iliyopita.

Lakini mtihani una hila yake. Hadithi ikitahiniwa hugeuzwa tena kitabu cha darasa, na wako wanaonunua mwongozo wa majibu kabla ya kununua hadithi yenyewe. Msomaji aliyekuwa amekaliwishwa barazani anainuliwa na kurudishwa kwenye dawati. Mimi sikusomea fasihi chuoni. Nilijisomea mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na vya kununua kwenye mikeka ya njiani, na labda ndiyo maana naamini kwamba hadithi isiyoulizwa maswali ndiyo inayojibu mengi. Anachokithamini msomaji katika hadithi fupi ni kuaminiwa. Mwandishi amemwachia nafasi aimalize mwenyewe.

Nafika sasa kwenye jembe. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, miaka 46 baada ya kile kitabu kidogo cha Johnson. Kwa mara ya kwanza, kamusi kubwa la Kiswahili lililotungwa na wenyewe lilimfasiria Mswahili maneno yake kwa Kiswahili. Toleo la pili likaja mwaka 2004. Visiwani tulilipokea kwa shukrani na kwa manung'uniko. Tuliona maneno yetu mengi hayamo au yamefasiriwa kwa sikio la mbali. Baraza la Kiswahili la Zanzibar likajibu kwa kutoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na BAKITA likatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Mzawa wa lugha hulifungua kamusi kama anayekwenda mahakamani: anataka hukumu imuunge mkono. Msomaji wa Sigino hulifungua kama anayekwenda shambani, kwa kuwa anataka neno alitumie leo.

Chukua neno mbaazi. Kwetu sisi mbaazi ni chakula, zinakumbusha nazi, asubuhi na mahamri. Babati ni miongoni mwa sehemu zinazosifika Tanzania kwa kuzilima; huko mbaazi ni mistari iliyopandwa pamoja na mahindi, ni ada ya skuli, ni bei inayopanda na kushuka kwa kufuata soko la India. Kamusi linaloishia kusema kwamba ni aina ya kunde halikumkosea yeyote, wala halikumpa yeyote jembe. Linalostahili kuitwa bahari lingeyaweka mapishi na mashamba katika kidahizo kimoja, kwa mifano miwili ya sentensi, ili kila msomaji akutane na mwenziwe. Nimetafsiri kwa miaka mingi, na nikilichagua kamusi sitazami wingi wa maneno, natazama mifano. Mfano ndio unaoonesha kwamba neno lilikuwa na mtu kabla ya kuingia kitabuni.

Na hapa ndipo lilipo deni letu. Mwaka 2002 lilichapishwa Köln, Ujerumani, kamusi la Kiiraqw lililotungwa na Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling, baada ya Mous kutoa sarufi ya lugha hiyo mwaka 1993. Ni kazi ya thamani kubwa. Lakini limefasiriwa kwa Kiingereza. Kwa Kigorowa, Andrew Harvey alikamilisha mwaka 2018, katika Chuo Kikuu cha London, tasnifu juu ya nomino zake, na rekodi za mazungumzo ya Wagorowa zikahifadhiwa katika hazina ya lugha zilizo hatarini. Hiyo nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Kijana wa Sigino aliyemaliza darasa la saba, anayesoma Kiswahili bila taabu, akitaka kuona lugha ya bibi yake imeandikwa namna gani, anasimama pale pale aliposimama Mswahili wa mwaka 1903 mbele ya kamusi la Madan. Anaingia kwao kwa mlango wa jirani.

Wako watakaosema kwamba kuyatungia makamusi makabila ni kukipunguza Kiswahili na kuirejesha migawanyiko. Hofu hiyo naiheshimu, kwani nchi yetu ilijengwa kwa lugha moja na ujenzi huo haukuwa mchezo. Lakini historia niliyoieleza inasema vingine. Kiswahili hakikupungua kwa kuchukua kamusi, skuli na shule, kilinenepa. Lugha inayoogopa kukaa ukurasa mmoja na jirani yake ndiyo iliyo dhaifu. Zaidi ya hayo, lugha ikifa Sigino haimwachi Kiswahili salama. Inamwachia msomaji aliyefundishwa kwamba yale ya kwao hayana thamani ya kuandikwa, na msomaji wa namna hiyo ataviamini vitabu vyetu kwa woga.

Kinachohitajika ni kamusi la Kigorowa na Kiswahili, lenye mifano ya sentensi, lililokusanywa na watu wa Babati wenyewe wakisaidiwa na wataalamu, na lenye bei ambayo mzazi anayeuza mbaazi anaweza kuitoa. Pamoja nalo kiwepo kitabu chembamba cha hadithi za wazee wa huko, kurasa mbili zikitazamana, kama alivyofanya Steere mwaka 1870, ila safari hii upande wa pili uwe Kiswahili. Visiwani tuna watu waliokwisha kufanya kazi ya makamusi na wanaoijua ain kwa sikio. Ujuzi huo unaweza kuvuka bahari. Msomaji wa Sigino amekisoma Kiswahili chetu kwa karibu miaka 100. Amelima vya kutosha katika shamba letu, na ni haki yake sasa alime na lake.